Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufunga mfumo wa kupima na kuongoza hali ya hewa kwenye kitalu nyumba, kwa sisi wa Tanga na pwani

Wakuu, haya ni maswali ambayo naulizwa karibu kila wiki tangu watu waanze kuja kuangalia vitalu nyumba vyangu huku Pongwe, nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu asome kwa utulivu kabla hajaenda kununua chochote. Nimejibu kwa kuangalia hali ya kwetu, sababu maelekezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni kupasha moto, sisi shida yetu ni nyingine kabisa.

Huo mfumo hasa unafanya nini?

Unapima joto, unyevu wa hewa, mwanga na unyevu wa udongo, halafu kabodi kadogo kanalinganisha na namba ulizoweka wewe, kisha kanawasha au kuzima feni, kanapandisha au kushusha mapazia ya pembeni, kanafungua maji. Na kila baada ya dakika chache kanaandika kumbukumbu. Hiyo kumbukumbu watu wanaidharau ila mimi naona ndo yenye faida kuliko vyote, maana bila hiyo unabaki kubishana na kijana wa shamba kwamba jana palikuwa na joto au hapakuwa na joto.

Kwa nini unasema pwani ni tofauti? Joto si ni joto tu?

Hapana. Joto la Dodoma na joto la Tanga hata kama kipimajoto kinasoma namba moja, kwa mmea ni vitu viwili. Hewa kavu inakunywa maji haraka, na maji yakigeuka mvuke yanapoza, ndo maana mtungi wa udongo unapoza maji. Hewa yetu ya pwani tayari imeshashiba mvuke wa bahari kwa hiyo haina kiu tena.

Chukua mfano wa hesabu. Nje kuna nyuzi 32 na unyevu wa hewa asilimia 35, hali ya bara kipindi cha kiangazi. Hewa hiyo ukiipitisha kwenye pedi iliyolowa maji, kiwango cha mwisho kabisa inachoweza kushuka ni kama nyuzi 21, na pedi nzuri inakufikisha karibu asilimia 80 ya njia, kwa hiyo inatoka ikiwa na nyuzi 23 hivi. Sasa njoo Tanga, nyuzi 32 zile zile ila unyevu asilimia 70. Kiwango cha mwisho ni nyuzi 27 na nusu, pedi ile ile itakutolea hewa ya nyuzi 28 na kitu. Yaani umelipa pedi, pampu, feni na umeme ili ushushe nyuzi tatu na nusu, na juu yake umeongeza unyevu ndani ya kitalu ambacho kilikuwa na unyevu wa kutosha tangu mwanzo. Ukungu unakushukuru.

Kwa hiyo kwetu kazi ya kwanza ya mfumo ni kutoa hewa nje, ya pili ni kupunguza jua linaloingia, ya tatu ni kuhakikisha majani yamekauka kabla giza halijaingia. Kupoza kwa maji kunakuja mwisho, na mara nyingi hakuji kabisa.

Nianze na nini? Nina milioni kadhaa mkononi sasa hivi.

Anza na kupima peke yake. Sensa mbili za joto na unyevu, bodi moja, wiki mbili, usifunge feni wala mota yoyote. Ukimaliza utakuwa na grafu ya kitalu chako, utajua saa ngapi joto linapanda, linafika wapi, unyevu wa usiku unakaa wapi, jani linalowa kuanzia saa ngapi. Kuna mama mmoja wa Muheza alikuja ameshaandikiwa na muuzaji feni nne kubwa, nikamwambia dada yangu hebu pima kwanza, akapima, tukakuta joto lake lote linatokana na neti za pembeni kuziba vumbi na utando wa buibui. Akaosha neti, akafunga neti ya kivuli juu, joto la mchana likashuka nyuzi tano. Hakununua hata feni moja.

Na hili naomba nilisisitize: mfumo hautengenezi kitalu kibovu. Kama kitalu chako ni kifupi, hakina tundu la juu la kutolea hewa, na kimefungwa plastiki mpaka chini pembeni, hiyo hela ya sensa peleka kwa fundi wa vyuma kwanza. Kwa kitalu kinachotegemea upepo, jumla ya matundu ya kupitisha hewa isipungue asilimia 20 ya eneo la sakafu, na kwa joto letu zaidi ya hapo ni bora, hasa ukikumbuka kwamba neti ya kuzuia nzi weupe inakula sehemu kubwa ya upepo.

Sensa gani ninunue?

Kwa joto na unyevu wengi wanaanza na DHT11 sababu ni ya bei ndogo. Iache. Inakosea mpaka nyuzi 2 na unyevu asilimia 5. DHT22 ni bora, nusu nyuzi tu, na inatosha kwa kujifunzia, ila nimeona kwa macho yangu kwenye unyevu wa pwani baada ya miezi kadhaa inaanza kung'ang'ania 99.9 mchana na usiku, hata ukiitoa juani haishuki. Siku hizi natumia SHT31, usahihi wake ni kama nyuzi 0.2 na unyevu asilimia 2, na ina kihita kidogo ndani ambacho programu inaweza kukiwasha kukausha umande. Tofauti ya bei unairudisha mara ya kwanza tu usipolazimika kubadilisha sensa.

Joto la udongo au la maji ya tanki: DS18B20, ile iliyofungwa ndani ya kibomba cha chuma kisichoingia maji, usisahau rezista ya kilo-omu 4.7. Mwanga: BH1750 inatosha. Unyevu wa udongo: chukua ile bapa isiyo na chuma kinachogusa udongo, zile zenye miguu miwili ya chuma zinaliwa na kutu ndani ya wiki chache. Na uzibe sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki kwa gundi au rangi ya kucha, tabaka mbili tatu, maana hapo ndo maji yanapoingilia.

Ya kaboni dayoksaidi usinunue. Kitalu chetu kiko wazi mchana kutwa, hewa ya ndani na ya nje ni moja.

Sensa naiweka wapi?

Katikati ya kitalu, usawa wa vichwa vya mimea, na ukipanda nyanya unaipandisha kadiri zinavyorefuka. Nyanya zinafungwa kwa kamba ya katani, nami sensa naining'iniza kwa kamba hiyo hiyo, kila wiki nasogeza kidogo.

Kosa kubwa ni kuiacha juani. Sensa ikipigwa jua inapima joto lake yenyewe, inaweza kukudanganya nyuzi tano au zaidi, feni zinawaka bila sababu. Tengeneza kibanda: chukua sahani nyeupe za plastiki sita au saba, toboa katikati zote isipokuwa ya juu, zipange moja juu ya nyingine zikiwa zimegeuzwa kichwa chini, zitenganishe kwa vipande vya paipu kama sentimita mbili, sensa ikae ndani katikati. Hewa inapita, jua halipiti. Ya pili weka nje ya kitalu, kwenye kivuli, ili kila siku ujue tofauti ya ndani na nje. Hiyo tofauti ndo inayokuambia kitalu kinapumua au hakipumui, mimi ikizidi nyuzi 4 mchana naenda kuangalia neti na mapazia.

Nitajuaje kama sensa inasema kweli?

Huku kwetu chumvi haijawahi kuwa shida kupatikana. Chukua chumvi ya kawaida, weka kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na sensa, sensa isiguse chumvi. Acha mpaka kesho yake. Hewa ndani ya kopo hilo itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75, ndivyo chumvi ya mezani ilivyo kwa joto la kawaida la chumbani. Kama sensa inasoma 79, basi unajua inazidisha 4 na unaandika hivyo kwenye programu. Kwa DS18B20 tumia barafu iliyopondwa na maji, lazima isome sifuri au karibu sana na hapo.

Fanya hivi kila msimu kabla ya kupanda. Sensa mpya pia, usiiamini sababu tu imetoka dukani leo.

Bodi ipi? Arduino, ESP au Raspberry Pi?

ESP32 kwa watu wengi. Ina waifai ndani, ni ndogo, inakula umeme mdogo. Mambo mawili ya kuzingatia: miguu yake, yaani pini za kuchomekea waya, ni ya volti 3.3 sio 5, na sensa za udongo zichomeke kwenye miguu namba 32 mpaka 39, sababu ile mingine ya kusoma analogi haifanyi kazi waifai ikiwa imewaka. Vijana wengi wamepoteza wikiendi nzima hapo wakidhani sensa imekufa.

Raspberry Pi ni nzuri kama unataka seva ya kwako ya kuhifadhi data ya vitalu vingi, ila isiwe yenyewe inayoendesha feni moja kwa moja, kadi yake ya kumbukumbu ikiharibika siku umeme umekatika ghafla kitalu kizima kinabaki yatima.

Waya wa sensa unaweza kuwa mrefu kiasi gani?

SHT31 inaongea kwa njia ya I2C ambayo imetengenezwa kwa umbali mfupi, mita moja hivi upo salama, ukipeleka mita kumi itasoma leo kesho haisomi. Una njia mbili: weka bodi ndogo karibu na kila sensa halafu ziongee kwa waifai, au nunua sensa za RS485, hizo waya unaenda mamia ya mita bila shida na zinavumilia kelele za mota. Kwa kitalu kinachozidi mita 20 mimi naenda na RS485 moja kwa moja.

Nifunge feni au mota ya kukunja mapazia ya pembeni?

Mapazia kwanza. Tuna upepo jamani, tuutumie. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, halafu inakuja kusi kuanzia Aprili, na mchana upepo wa baharini unaingia karibu kila siku. Kama ndo unajenga sasa, upande mrefu wa kitalu uupokee upepo, usiupe upepo ncha.

Mota za kukunja pazia nyingi ni za volti 24, zina swichi za mwisho ndani zinazoisimamisha ikifika juu au chini. Zipange hizo swichi kwa mkono na kwa uvumilivu kabla hujaziachia programu. Rilei, yaani swichi ndogo zinazowashwa na bodi, ya kupandisha na ya kushusha zisiwake pamoja hata kwa sekunde moja, andika kwenye programu na pia zifunge kwa waya ili moja ikiwaka nyingine haiwezi. Na usifungue pazia lote kwa mkupuo, fungua robo, subiri dakika kumi, pima, fungua robo nyingine. Kusi ikija na mvua pazia la upande wa upepo lishuke, la upande wa pili libaki wazi. Hapo unahitaji sensa ya mvua na ya kasi ya upepo.

Ukishindwa kabisa na upepo ndo unakuja kwenye feni. Hesabu yake: kitalu cha mita 8 kwa 15 chenye wastani wa kimo mita 3.5 kina mita za ujazo 420. Kwa joto letu unataka hewa yote ibadilike mara moja kila dakika, kwa hiyo 420 kwa dakika, ambazo ni 25,200 kwa saa. Feni kubwa la kilowati 1.1 linasukuma karibu mita za ujazo 40,000 kwa saa likiwa huru, ukitoa kinachokwama kwenye neti bado moja linatosha. Likiwaka saa sita kwa siku ni uniti 6.6, kwa mwezi uniti 198. Zidisha na bei unayonunulia Luku ndo ujue. Na kama nyumbani upo kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi na feni umelichomeka kwenye mita hiyo hiyo, litakutoa huko.

Foga je? Zile za kupuliza ukungu wa maji?

Kwenye kitalu cha miche, sawa, dakika chache mchana. Kwenye nyanya na hoho huku pwani mimi siweki. Nimeshaeleza juu kwa nini.

Niweke namba gani kwenye programu?

Swali hili nalipenda, na majibu yake hayafanani kwa kila mtu, ila hizi ndo ninazoanzia kwa nyanya. Mapazia yaanze kufunguka ndani ikifika 26. Feni liwake 31, lizime 28. Hiyo nafasi kati ya kuwaka na kuzima usiiondoe, ukiandika liwake 30 lizime 30 litakuwa linawaka na kuzima kila dakika mpaka kontakta, yaani swichi kubwa inayobeba umeme wa feni, iungue. Weka pia muda wa chini, likishawaka lisizime kabla ya dakika tano.

Nyanya inapenda mchana 21 mpaka 27. Ikipita 32 chavua inaanza kuharibika, na joto la usiku likibaki juu ya 23, 24 maua yanadondoka hata kama mchana ulikuwa mzuri. Sasa Februari na Machi hapa kwetu usiku wenyewe uko hapo hapo, hakuna feni litakalokushushia chini ya joto la nje. Kwa hiyo tumia kumbukumbu zako kupanga tarehe: mimi nasia miche ili maua mengi yaangukie Juni mpaka Agosti. Miezi ya joto kali naweka matango, yanavumilia zaidi.

Jambo la pili, usiangalie unyevu peke yake. Asilimia 80 mchana na asilimia 80 usiku hazifanani. Kuna kipimo kinaitwa VPD, mimi nakiita kiu ya hewa, yaani hewa bado inaweza kunywa mvuke kiasi gani, kinapimwa kwa kilopaskali. Kwenye nyuzi 32 na unyevu asilimia 80 kiu ni 0.95, mmea unapumua vizuri kabisa. Kwenye nyuzi 24 na unyevu asilimia 95 kiu ni 0.15, hapo mmea umeziba pumzi, hauvuti maji wala kalsiamu, na jani linalowa. Lenga 0.5 mpaka 1.2. Bodi inaihesabu yenyewe kutoka joto na unyevu, ni mistari mitatu ya programu.

Kwa hiyo usiku usifunge kitalu! Watu wanafunga wakidhani wanakikinga, huko kwenye baridi sawa, hapa unakuwa umejifungia mvuke ndani mpaka plastiki inadondosha matone juu ya majani alfajiri. Acha mapazia wazi angalau robo, neti ibaki, na kama una feni ndogo za kuzungushia hewa ndani ziwake kuanzia saa kumi usiku mpaka jua lichomoze, hicho ndo kipindi kibaya kuliko vyote kwenye grafu zangu.

Umwagiliaji nao uingie kwenye mfumo huo huo?

Ndiyo, lakini angalia valvu. Wengi tuna simtanki juu ya mnara wa mita tatu na dripu chini. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1, kwa hiyo mita tatu ni 0.3. Valvu nyingi za solenoidi zinazouzwa zinategemea presha ya maji yenyewe ili zifunguke vizuri, kwenye presha ndogo hivyo zinalia tiki halafu maji hayapiti au yanapita kidogo. Unaambiwa valvu mbovu, unabadilisha, ya pili nayo vilevile. Kwa tanki la mnara nunua valvu ya mota, ile inayozungusha koki kabisa, haijali presha.

Maji yaende asubuhi na mchana mara nyingi kidogo kidogo, ya mwisho yasipite saa kumi jioni. Na weka ukomo: valvu ikikaa wazi zaidi ya dakika 20 ijifunge na ikutumie meseji. Sensa ya udongo iking'oka kwenye udongo inasoma pakavu, na bila ukomo tanki lote linaisha.

Mbona pampu inawaka usiku wa manane?

Hili limewapata watu watatu ninaowajua na mimi mwenyewe mara ya kwanza. Bodi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Umeandika 2 ukimaanisha saa mbili asubuhi, bodi imeelewa saa nane usiku. Saa mbili asubuhi andika 8, saa nane mchana andika 14, saa kumi jioni andika 16. Pia saa ya bodi ikichukuliwa kutoka intaneti inakuja ya kimataifa, ongeza saa 3, ambazo ni sekunde 10,800. Na uweke kichipu cha DS3231 chenye kabetri kake, ili intaneti isipokuwepo saa isipotee.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Tenganisha ubongo na misuli. Ubongo, yaani bodi, sensa na rauta, unakula kidogo sana, betri ya volti 12 yenye Ah 7 inashika bodi na sensa siku mbili, na kapaneli kadogo ka sola kanaijaza. Mota za mapazia za volti 24 nazo unaweza kuziweka kwenye betri, zinafanya kazi dakika chache tu kwa siku. Feni la kilowati ndo huwezi kulibeba kirahisi, kwa hiyo mpango uwe hivi: umeme ukikatika mapazia yote yanafunguka yenyewe na wewe unapata meseji.

Halafu acha mpini wa mkono kwenye kila pazia, na kijana wa shamba ajue kuuzungusha. Mfundishe vizuri, mwandikie kwenye karatasi ubandike mlangoni. Nilipoteza mistari sita ya hoho Februari moja kwa sababu niliondoa mpini nikaona hauna kazi tena, nikaenda msibani Korogwe, fyuzi ikakata. Nyuzi 44. Tangu siku hiyo sifungi mfumo wa mtu kama hataki mpini.

Naweza kufunga mwenyewe upande wa umeme mkubwa?

Volti 5 na 12 chezea utakavyo. Ile 230 mwite fundi umeme mwenye leseni, sakafu ya kitalu imelowa muda wote na wewe umevaa ndala. Lazima kuwe na breka inayokata umeme ukivuja na ethi iliyopimwa. Zile rilei ndogo za bluu zimeandikwa ampea 10, lakini mota inapoanza inavuta mara tano na zaidi ya kawaida yake, rilei inaganda na feni halizimi tena. Rilei iwashe kontakta, kontakta ndo iwashe feni.

Shambani hakuna waifai. Nifanyeje?

Rauta ya laini ya simu na bando dogo linatosha, data ya sensa ni nyepesi mno. Kama mtandao ni dhaifu tumia meseji za kawaida kwa moduli ya SIM800L, inatumia 2G tu, ila inataka umeme mzito, ikituma inavuta mpaka ampea 2 kwa mkupuo, usiichomeke kwenye mguu wa bodi, itakuwa inajizima na kujiwasha. Laini sajili kwa jina lako kwa alama za vidole kama kawaida, usitumie laini ya mtu aliyekuazima, siku akiifunga umepoteza macho yako.

Muhimu kuliko yote: maamuzi yafanyike ndani ya bodi pale pale shambani. Intaneti iwe ya kutazama na kubadilisha namba tu.

Nipo Lushoto, haya yote yananihusu?

Nusu. Kule juu Usambara hewa ni ya baridi, Juni na Julai usiku kitalu chako kinahitaji kufungwa ili kitunze joto, kinyume kabisa na chetu. Lakini ukungu ni ule ule, kwa hiyo asubuhi jua likitoka fungua mapema umande ukauke. Kipimo cha kiu ya hewa kitakusaidia kuliko kipimajoto. Sehemu ya feni unaweza kuiruka.

Mfumo utaniondolea magonjwa?

Ya ukungu wa majani utayapunguza sana, hilo nimeliona. Kantangaze, yule nondo wa nyanya, hapana, yeye anazuiwa na neti isiyotoboka, mlango wa mara mbili na mitego. Mnyauko bakteria nao uko kwenye udongo, ukishaingia hakuna sensa itakayokusaidia, hamia kwenye mifuko yenye mchanganyiko safi au badilisha zao.

Matunzo yakoje, hasa na hii hewa ya chumvi?

Hewa ya bahari inakula shaba. Bodi ikae kwenye boksi la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji, waya ziingilie chini sio juu, ndani weka kifuko cha kunyonya unyevu na ukibadilishe kila mwezi, na bodi yenyewe uipake vanishi ya elektroniki ukiacha sehemu za kuchomekea. Viungio vya waya usivisokote na kuzungushia tepu, chomelea kwa risasi halafu vika mpira wa kubana kwa moto. Kila wiki futa vumbi kwenye kibanda cha sensa, mijusi wanapenda kulala humo na sensa inasoma joto la mjusi. Kila mwezi osha neti kwa maji kutoka ndani kwenda nje. Kabla ya masika, yaani Februari mwishoni, fungua maboksi yote uangalie kijani kwenye vichwa vya waya, kata, chubua upya, kaza.